Malakiti Anauma Mbao

Saa kumi usiku, kabla malori ya shaba
hayajaanza kuguna kuelekea Kasumbalesa,
ndipo ninapomsikia.
Meno ya mbele yanashika ukingo wa hori,
shingo inapinda, misuli inasimama,
halafu: nnkh,
mkoromo mfupi, kama wa mtu aliyemeza neno
lililokwisha kufika mdomoni.
Tena. Na tena.
Nimewahi kuhesabu hadi mia tatu na arobaini,
nikapitiwa na usingizi, yeye akaendelea.

Bwana Kyungu, mwenye farasi, alisema: anakula hewa.
Hewa gani, nikajiuliza,
inayomaliza mbao tatu za mninga tangu Pasaka?

Tulipaka pilipili.
Kapend aliisaga mwenyewe, machozi yakimtoka,
na Malakiti akailamba yote, taratibu,
kama anayetuonjea mboga.
Tukapaka oili chafu. Akahamia mlangoni.
Tukapigilia bati mlangoni. Akaliuma bati.

Ukaletwa mkanda kutoka Ndola,
ngozi na chuma, unaobana koo shingo ikipinda.
Siku tisa zizi likawa kimya.
Bwana Kyungu akatununulia bia.
Lakini mimi ndiye ninayelala ukuta wa pili.
Nilimwona amesimama, uso kwenye kona,
manyoya chini ya mkanda yamenyonyoka,
haumi, halali, hali.
Kimya kile sikukipenda.

Daktari Ngalula alikuja na pikipiki,
udongo mwekundu hadi magotini.
Hakumtazama farasi. Alitazama ndoo.
Mahindi kilo ngapi? Nikamwambia.
Na nyasi?
Fungu moja asubuhi, moja jioni.
Na katikati?
Sikuwa na jibu. Katikati palikuwa na ubao.

Akasema tumbo la farasi halijui saa ya mapumziko,
linamwaga tindikali mchana na usiku,
ziwepo nyasi, zisiwepo,
na huyu pengine anauma ili mate yatoke
yazime moto wa ndani. Pengine, alisema,
hata vitabu bado vinabishana.
Akasema huenda alianza siku alipoachishwa ziwa.
Akasema wengine hawaambukizwi
(Kapend alikuwa amekwisha kuwahamisha wote,
amemwacha peke yake kama mwenye ndui).
Ataacha?
Akafunga mkoba. Huyu? Sidhani. Atapunguza.

Hapo nikaangalia pembeni.
Miaka ishirini na miwili nilipakua mawe kiwandani,
kisha bahasha moja, sahihi moja, kwaheri.
Tangu hapo nasaga meno usingizini.
Musau, mke wangu, hunigusa bega tu gizani,
hasemi kitu.
Hajawahi kunifunga mkanda.

Mkanda tumeutundika msumarini. Mahindi yamepungua.
Mzee mmoja huleta nyasi za Kafubu kwa baiskeli,
mzigo mkubwa kuliko yeye, huoni ila magurudumu,
nasi tunazitia kwenye wavu wa matundu madogo
ili azivute polepole mpaka usiku wa manane.
Adhuhuri anatoka, mvua ama jua,
pamoja na punda Kilo Tano, kiwete, mwenye kiburi,
anayempiga teke kila anapomnusa,
na ambaye hawezi kuachana naye.
Ukingo wa hori tumeuvika mpira wa tairi,
meno yamekwisha kulika ya kutosha.

Jumamosi, watoto wa matajiri wakija kupanda,
wakipiga kelele, anauma kama zamani.
Bwana Kyungu hukunja uso. Anataka farasi mzima, anasema,
alilipia mzima.

Usiku huu nimehesabu arobaini na moja.
Wavu umekwisha; nimesikia ukigonga ukuta, mtupu.
Najua nikiamka sasa nikamwongezea, atanyamaza.
Miguu imekufa ganzi, blanketi ndiyo kwanza limepata joto.
Arobaini na mbili.
Haya, Malakiti. Nakuja.
Viatu viko wapi?